Shotgani ya urithi inayokwama: fungua mbao ya mbele kabla ya kugusa springi

Ndugu uliyeuliza kutoka Marangu umeeleza kwamba marehemu baba yako amekuachia bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe, yenye mgongo uliokatika wima kwa nyuma kama ngazi; kwamba risasi ya kwanza inatoka vizuri, kisha ganda linabanwa kwenye mlango wa kutokea maganda na ya pili haipandi; na kwamba fundi mmoja amekushauri uivute springi kubwa ili irefuke, au uiuze vipande vipande. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo mawili. Mimi nilirithi bunduki ya aina hiyo hiyo hapa Moshi, nayo ilikuwa na ugonjwa huo huo, na ilipona bila kubadilishwa kifaa hata kimoja isipokuwa springi ya ndani ya kitako.

Nachukulia kwamba leseni imekwisha kuandikwa kwa jina lako. Kama bado inasomeka jina la marehemu, bunduki hiyo haitakiwi kuwa nyumbani wala mikononi mwa fundi, kwa maana silaha hairithiwi kama kihamba, shamba la ukoo wa Kichaga. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mmiliki awe na leseni yake mwenyewe, kwa hiyo msimamizi wa mirathi aipeleke polisi, nawe uombe leseni, na hapo ndipo utakapoambiwa kama aina hiyo unaweza kuimiliki. Ya baba yangu ilisubiri huko miezi tisa, masika yote yakiwa ndani yake, na ikarudi na kutu nyekundu kwenye mtutu. Sikujuta, kwa sababu kutu ya juu husafishika.

Kwa maelezo yako, hiyo ni Browning Auto-5 au mojawapo ya ndugu zake. Ilibuniwa na Mmarekani John Browning, ikaanza kutengenezwa Ubelgiji na kiwanda cha Fabrique Nationale mwaka 1902, na Remington wa Marekani wakatoa ya kwao, Model 11, kuanzia mwaka 1905. Ya baba ilinunuliwa kwa mlowezi wa Kigiriki aliyekuwa akilima kahawa na ambaye alikuwa akifunga mizigo yake kuondoka. Kazi yake ilikuwa nguruwe pori na nyani kwenye mahindi ya shamba la tambarare.

Ukiielewa inavyofanya kazi, utaona mwenyewe ugonjwa ulipo. Katika bunduki nyingine nyingi mtutu hautembei, lakini katika hii mtutu na bolti, yaani chuma kinachoufunga kwa nyuma, hufungamana na kurudi nyuma pamoja, umbali unaozidi urefu wa risasi nzima. Kisha bolti hubaki nyuma, mtutu ukaachia na kurudi mbele peke yake, ganda likabaki limeshikwa na bolti na kutupwa nje. Mwisho bolti hufuata mbele ikisukuma risasi mpya. Mtutu usipofika nyuma kabisa, mfuatano huo wote hukatika katikati, na ganda hubanwa pale pale unapoliona limebanwa.

Kinachoamua mtutu uende nyuma kwa nguvu kiasi gani ni breki ndogo iliyofichwa chini ya mbao ya mkono wa mbele, ikizunguka bomba la risasi, yaani lile la chini ya mtutu linalohifadhi risasi za akiba. Ina kipande cha shaba nyeusi kilichopasuliwa upande mmoja, na pete ya chuma ambayo upande wake mmoja umechongwa mshazari. Kwa risasi nzito, pete hukaa kati ya kipande cha shaba na springi kubwa, mshazari wake ukielekea shaba, ili mtutu unaporudi uibane shaba kwenye bomba na kupunguza kasi. Kwa risasi nyepesi, pete hutolewa hapo na kushushwa chini kabisa, nyuma ya springi, ikalalia kasha la chuma lenye bolti ndani yake, ambako haibani kitu. Mwenye bunduki alitakiwa kuihamisha kila alipobadilisha aina ya risasi, na nina hakika wengi wa wazee wetu hawakuambiwa hivyo na waliowauzia. Nilipofungua ya baba niliikuta pete mahali pa risasi nzito, wakati risasi nilizokuwa nazo zilikuwa nyepesi, za ndege. Nayo haikuwa imehamishwa kwa miaka mingi, maana grisi iliyoizunguka ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ulimbo.

Namna ya kuifungua ni hii. Toa risasi zote, za bombani na ya chemba, yaani mwanzo wa mtutu risasi inapokaa ili ipigwe, uzipeleke chumba kingine, kisha hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Vuta bolti nyuma mpaka ijifunge yenyewe. Simamisha kitako sakafuni juu ya kitambaa, mtutu ukielekea juu mbali na uso wako, ubonyeze mtutu chini kidogo kwa mkono mmoja huku mwingine ukifungua kifuniko cha bomba. Ondoa mbao, halafu uachie mtutu uinuke taratibu, kwa kuwa springi iliyo chini yake ina nguvu ya kukuumiza. Mtutu ukishatoka, usibonyeze kitufe cha kuachia bolti: bila mtutu wa kuipokea, bolti itaruka na kugonga kasha, na kasha la zamani likipata ufa hapo, bunduki imekufa. Skurubu za ubavuni usizifungue kwa bisibisi ya kawaida ya gereji. Mifereji ya vichwa vyake ni myembamba na kila moja imefungiwa na nyingine ndogo pembeni yake. Mwachie fundi silaha.

Grisi kavu niliitoa kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa kidogo, nikisugua bomba, shaba na pete mpaka kitambaa kikatoka cheupe, huku nikiiweka mbao mbali ili isinywe mafuta. Kutu ya juu kwenye mtutu niliilainisha kwa mafuta mepesi usiku kucha, nikaisugua asubuhi kwa pamba ya chuma iliyo laini kuliko zote. Msasa sikuugusa, kwa sababu unaondoa ule weusi wa chuma ambao ndio ngozi yake. Ndani ya mtutu pitisha brashi ya shaba kutokea upande wa chemba kwenda mdomoni, kisha utazame mwanga. Kivuli cha duara ndani ya mtutu maana yake umevimba, na mtutu uliovimba haupigwi tena. Na usicheke hili: ndani ya wa baba nilikuta kiota cha nyigu wa udongo, kikubwa kama kidole gumba. Mtu aliyepiga risasi bila kuchungulia angeupasua mtutu karibu na mkono wake.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifundisha zaidi. Baada ya kusafisha nilifurahi nikapaka mafuta mengi kwenye bomba lote, nikidhani kila chuma kinachosuguana kinahitaji kulainishwa, nikaiacha pete mahali pa risasi nyepesi, na wakati wa kuijaribu nikatumia risasi nzito kwa kuwa ndizo nilizopata dukani wiki ile. Bunduki haikukwama hata kidogo. Lakini ilinipiga begani kwa namna ambayo sijawahi kupigwa, na risasi ya nne ikaacha ufa mrefu kwenye mbao ya mkono wa mbele, mbao ya mjozi iliyokuwa imedumu kuliko umri wangu. Msuguano ule ndio breki yenyewe. Nilikuwa nimepaka mafuta kwenye breki. Tangu siku hiyo bomba hulifuta kwa kitambaa chenye unyevu tu wa mafuta, kiasi cha kuzuia kutu, na hutazama kwanza risasi kabla ya kuamua pete ikae wapi. Mbao nimeiunga kwa gundi ya epoksi kwa ndani, lakini ufa bado unaonekana, na kila ninapoushika nasikia uchungu.

Mtutu na pete vikiwa safi, na bunduki ikiwa tupu, ifunge, isimamishe tena, uusukume mtutu chini mpaka mwisho kisha uuachie. Mtutu unatakiwa uinuke wenyewe bila kusitasita, na bolti ibaki nyuma. Kama mtutu unapanda vizuri lakini baadaye, ukibonyeza kitufe cha kuiachia, bolti inarudi mbele kwa uvivu, tatizo liko kwenye springi iliyo ndani ya kitako, ambayo karibu kila mtu huisahau. Maji ya mvua na mafuta yanayochuruzika hukusanyika humo. Ya kwangu ilitoka imeliwa na kutu na imekuwa fupi. Springi ya namna hiyo hubadilishwa, haivutwi, kwa sababu ikivutwa hurudi kulegea baada ya muda mfupi.

Limebaki jambo moja ambalo lisipotazamwa haya mengine yote hayana faida. Bunduki nyingi za zamani za Ulaya zilikuwa na chemba ya milimita 65, na risasi nyingi za leo ni za milimita 70, urefu unaohesabiwa baada ya ganda kufunguka. Kwa hiyo risasi ya 70 huingia kwenye chemba fupi bila kukataa, ikadanganya mkono. Inapopigwa, mdomo wa ganda hufungukia mahali palipobana, shinikizo likapanda, na ganda lenyewe likawa refu mno kupita mlangoni. Risasi za karatasi zilizokaa ghalani nazo hunywa unyevu na kuvimba, kwa hiyo kama mzee aliacha boksi la namna hiyo, likabidhi polisi.

Mpe fundi silaha mwenye leseni akupimie chemba, kisha uniandikie milimita alizozipata pamoja na mahali ulipoikuta pete, nami nitakueleza risasi ipi uanze nayo.