Wanafunzi wanakariri uthibitisho, hawawezi kuuanza

Mwalimu wa Tabora uliyeuliza kuhusu wanafunzi wanaokariri uthibitisho wa kikomo lakini hawawezi kuuanza, pole. Hao wanaotaja fasili ya kikomo (kwa kila ε, umbali unaoruhusiwa kutoka kwenye kikomo, ipo δ, umbali wa x unaotosha kuutimiza) bila kukosea kisha wanakodolea karatasi macho, tunao hata huku Kigoma.

Waonyeshe kazi ya pembeni kwanza, yaani hesabu za kuitafuta δ kabla ya kuandika uthibitisho. Hapo ndipo penye hisabati yenyewe. Mfano, x² hukaribia 9 x ikikaribia 3: |x²−9| = |x−3||x+3|. Ukibana δ isizidi 1, |x+3| haifiki 7. Basi δ iwe ile iliyo ndogo zaidi kati ya 1 na ε/7, ili |x²−9| isifike ε. (Vitabu vingi huanza na hiyo ε/7 kana kwamba imeshuka mbinguni!) Ndipo waandike uthibitisho upya, kuanzia "chukua ε > 0 yoyote".

Darasani, mmoja ataje ε, mwenzake ajibu δ.

Anayekwama kwenye "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko", mrudishe huko kwanza. Wakiwa wengi, mwone mkuu wa idara mapema, muombe vipindi vya ziada.