Binti wa Kidato cha Tatu na kemia isiyoingia: jibu langu kwa mama wa Umoja

Dada, nilisoma swali lako jana usiku nikaona nisikujibu kwa haraka, maana jambo hili liko karibu sana na moyo wangu. Kwa wanaoingia sasa: dada anaishi Umoja, Nairobi, binti yake yuko Kidato cha Tatu, amepata 28 kwa 100 katika kemia, na si kwamba hasomi, anakesha na daftari hadi saa sita za usiku. Amemwandikia mamake maswali manne: moli ni nini hasa, kwa nini milinganyo lazima isawazishwe, mbona majibu yake ya titresheni (kudondosha asidi kwenye alkali hadi zimalizane) hayafanani na ya wenzake, na zile chumvi za maabara zinakaririwa vipi. Mama anauliza kama amtafutie mwalimu wa tuisheni.

Mimi nilikuwa na alama kama hizo darasa hilo hilo, katika shule ya kutwa hapa Eastlands. Leo nina mwaka wa kumi na moja nikiwafundisha vijana wikendi huku Buruburu. Kilichonitoa pale si kukesha. Alikuja mwalimu wa mazoezi, akakaa nasi muhula mmoja tu, na kila nilipokwama aliniuliza neno lile lile: "Mle ndani kuna nini, na viko vingapi?" Nilimwona ananizungusha. Baadaye nikaelewa kwamba mpaka siku ile nilikuwa nasoma herufi. Kwangu NaCl, yaani chumvi ya mezani, ilikuwa herufi nne za kukariri, sikuwahi kuwaza kwamba kuna kitu halisi ndani ya chupa kinachoweza kuhesabiwa. Maswali yote manne ya binti yako yanarudi hapo.

Tuanze na moli, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi. Nina mwanafunzi mmoja ambaye angeweza kuitaja fasili yake neno kwa neno, lakini ukimpa hesabu anakodoa macho. Jumamosi moja nikatoka naye hadi kwa muuza mayai karibu na steji. Nikamuuliza, trei moja ina mayai mangapi? Thelathini. Na ukipanga mayai ya kware kwenye trei ya 30? Thelathini vilevile. Zina uzito sawa? Akacheka. Yai la kuku lina kama gramu 60, la kware kama gramu 10, kwa hiyo trei ya kwanza ni kama kilo 1.8 na ya pili ni gramu 300 hivi. Idadi ni moja, uzito si mmoja. Nikamwambia basi moli ni trei. Tofauti ni kwamba trei hii hubeba chembe 6.02 × 10²³, kwa sababu atomu ni ndogo mno, na trei ya 30 isingekusaidia kitu.

Maji moli moja ni gramu 18, kijiko kikubwa kimoja na kidogo juu yake. Sukari ya chai moli moja ni gramu 342. Weka kijiko hicho cha maji kando ya bakuli la sukari: molekuli zilizomo ni idadi moja. Yule kijana alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe nikigawanya gramu kwa uzito wa moli, ninatafuta idadi ya trei." Ndiyo, hakuna zaidi ya hapo. Tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi hiyo imewekwa rasmi kimataifa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, lakini kwa mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, atumie ile atakayopewa kwenye swali.

Hapo hapo hujitokeza swali jingine: mbona uzito wa atomu ya klorini ni 35.5, kwani kuna atomu yenye nusu nyutroni? Hakuna. Klorini ni mchanganyiko wa atomu zenye uzito wa 35 na zenye 37. Katika kila atomu 100, takriban 75 ni za 35 na 25 ni za 37. Piga wastani utapata 35.5. Ni kama trei iliyochanganywa mayai makubwa na madogo. Wastani wa uzito unaweza usilingane na yai lolote lililomo.

Kusawazisha mlinganyo. Kosa ninaloliona kila mwaka ni hili: mtoto anaandika H₂ + O₂ → H₂O, anaona oksijeni mbili kushoto na moja kulia, basi anatia 2 ndogo pembeni ya O upande wa kulia. Hesabu imelingana, ameridhika. Lakini H₂O₂ si maji tena. Ni haidrojeni peroksidi, ile dawa ya kusafishia vidonda, na saluni wanaitumia kubadilisha rangi ya nywele. Namba ndogo inasema kitu hiki ni nini. Namba kubwa ya mbele inasema viko vingapi. Ukigusa namba ndogo umebadilisha kitu chenyewe. Kwa hiyo 2H₂ + O₂ → 2H₂O, na oksijeni haijapotea wala haikuzuka.

Na hili la kutopotea, mfundishe kwa jiko. Muulize: makaa yakiungua huenda wapi? Atasema yameisha, yamebaki majivu. Hayakuisha. Gramu 12 za kaboni huungana na gramu 32 za oksijeni ya hewani zikawa gramu 44 za kaboni dioksidi. Ukichoma kilo moja ya kaboni tupu, gesi inayotoka ina uzito wa kilo 3.6 na ushei. Wanafunzi hawaamini mpaka wapige hesabu wenyewe, kwa sababu gesi kwao ni kitu kisicho na uzito. Wakishaamini, swali la utepe wa magnesiamu, kwa nini unaongezeka uzito ukiungua, halihitaji kukaririwa tena: gramu 24 zimechukua 16 za oksijeni, zimekuwa 40.

Dada, niruhusu nitoke nje ya mtihani hapa, maana ni jambo la uhai. Oksijeni ikiwa haba ndani ya chumba, kila kaboni inapata oksijeni moja badala ya mbili: 2C + O₂ → 2CO. Hiyo ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe. Baridi ya Julai ikibana Nairobi, watu huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga dirisha na kulala. Wengine hawaamki. Binti yako akiuelewa mlinganyo huo mmoja vizuri, awaeleze na majirani wa ploti. Mimi huufundisha kila Juni kabla baridi haijaingia, hata kama silabasi iko kwingine.

Titresheni sasa. Hapa nina kisa changu. Kwenye mtihani wa majaribio nilisuuza kila chombo kwa uangalifu mkubwa: bureti (mrija mrefu wa kudondoshea) kwa asidi, pipeti (ya kupimia) kwa alkali, na chupa ya koniko pia nikaisuuza kwa alkali, nikidhani nafanya usafi. Majibu yangu yote matatu yalikuwa juu kuliko ya darasa zima. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Niliandikiwa tu "si sahihi" kwa kalamu nyekundu, na nikaamini kwamba mikono yangu haifai kwa maabara. Niliishi na imani hiyo miezi mingi.

Rudi kwenye swali lile: mle ndani kuna nini, na viko vingapi? Pipeti imepima 25 cm³ za haidroksidi ya sodiamu, tuseme 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa kila lita. Hizo ni moli 0.0025, na hicho ndicho unachokihesabu. Ukiwa umeisuuza chupa kwa alkali, kuna matone yamebaki ukutani, na moli zake hukuzipima, kwa hiyo asidi itakayohitajika itazidi. Ukiisuuza kwa maji safi, kuna maji yamebaki ukutani. Maji hayo hayaongezi hata chembe moja ya alkali. Ndiyo maana unaruhusiwa hata kunyunyiza maji katikati ya kazi ili kuteremsha tone lililonasa kando, na jibu lisiharibike. Bureti nayo ni kinyume: maji yakibaki ndani yanaizimua asidi, ndiyo sababu inasuuzwa kwa asidi itakayowekwa. Kanuni tatu za kukariri zimegeuka swali moja la kufikiri.

Mengine ya titresheni nayapitia upesi. Faneli iondolewe juu ya bureti kabla ya kuanza, huwa inadondosha. Asome chini ya mpindo wa maji, jicho likiwa usawa wake. Desimali ziwe sawa katika jedwali lote, akiandika 24.50 asije akaandika 24.6 mstari unaofuata. Na tone moja ni kama 0.05 cm³, basi karibu na mwisho adondoshe moja moja, akitikisa. Karatasi ya tatu ya KCSE, ile ya maabara, ina alama 40, na nyingi zake hupotea kwenye mambo haya madogo, si kwenye akili.

Chumvi ndizo alizoziacha mwisho, na nadhani ndizo zinazomkesheza. Jedwali la ioni (chembe zenye chaji ya umeme) na rangi zake halishikiki kama halina picha. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na binti wa umri wake maabarani. Alikuwa na myeyusho wa salfeti ya shaba na amonia. Mara ya kwanza alimimina amonia yote kwa mpigo, akaandika "samawati iliyokolea", akaweka kalamu chini. Nikamwambia arudie kwa tone. Tone la kwanza likaanguka, na palepale likatokea wingu la samawati hafifu, zito kidogo, likashuka chini taratibu. Hayo ni mashapo. Matone mengine, wingu likaongezeka. Akaendelea, na wingu likaanza kuyeyuka kutoka juu, hadi bomba lote likawa na samawati nzito kama wino wa kalamu. Alikuwa ameikosa nusu ya jibu kwa sababu ya haraka. Kisha nikamweleza kilichotokea: molekuli nne za amonia zimeizunguka kila ioni ya shaba, zikaing'oa kwenye mashapo, ikarudi majini ikiwa na umbo jipya na rangi mpya.

Akishaiona hiyo, lile swali maarufu la zinki, alumini na risasi linafunguka. Zote tatu hutoa mashapo meupe kwa haidroksidi ya sodiamu, na zote huyeyuka ikizidi, kwa hiyo hapo huwezi kuzitofautisha. Tumia amonia. Zinki hukubali kuzungukwa na amonia kama shaba, basi mashapo yake huyeyuka ikizidi. Ya alumini na risasi hubaki. Mbili zilizobaki, tia matone ya iodidi ya potasiamu: risasi hutoa manjano inayong'aa, alumini haitoi kitu.

Jambo moja la lugha hapo. Watoto wengi huandika kwamba myeyusho "uko angavu" wakimaanisha hauna rangi. Myeyusho wa shaba ni wa samawati na bado unaona kidole chako ng'ambo ya pili. Mtahini hana budi kuinyima alama sentensi hiyo. Vilevile "yamekuwa kama maziwa" si jibu. Jibu ni mashapo meupe.

Aliuliza pia pembeni kwa nini potasiamu ni K. Ni kutokana na kalium, jina lililotoka kwenye neno la Kiarabu la majivu, al-qali, ambalo pia ndilo lililotupa "alkali". Na ndugu zetu wa Magharibi mwa Kenya wanaochuja majivu ya maganda ya maharagwe wapate musherekha wa kulainishia mrenda, wanapika kwa alkali hiyo hiyo yenye potasiamu. Kama kwenu mnapika hivyo, kemia iko jikoni siku nyingi.

Kuhusu tuisheni: kwa sasa usilipe. Kwanza mwambie akueleze kwa Kiswahili cha nyumbani, dakika kumi kila jioni unapokatakata sukuma, kile alichosoma darasani siku hiyo. Shuleni wanajifunza kwa Kiingereza, na mtoto anaweza kuitamka sentensi nzima vizuri bila kuona chochote nyuma yake. Akikueleza wewe usiyesoma kemia, akafika mahali akasema "yaani… yaani…", hapo ndipo penye shimo, na ni hapo tu pa kurudi kitabuni. Huhitaji kujua jibu. Muulize tu mle ndani kuna nini na viko vingapi. Na saa sita za usiku alale. Maktaba ya Buruburu iko karibu nanyi, Jumamosi asubuhi inatosha.

Muhula ujao ukifika nusu na bado amekwama, hapo tafuta mtu, lakini mwenye maabara au anayeweza kuwapeleka kwenye moja, si wa kumpa karatasi za kujaza. Na lile jedwali lake la titresheni lililokataliwa, lipige picha uliweke hapa, ufiche jina la shule. Nataka nione kama zile namba zote zimekaa juu ya za wenzake au zimetawanyika, maana hayo ni makosa mawili tofauti.