Shangazi, nataka kwenda hija ila na dada yangu hatuongei

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina miaka 34, nakaa Ipagala hapa Dodoma. Kazi ninayo namshukuru Mungu lakini ndani nimechoka sijui nisemeje, sala yenyewe nasali midomo tu. Nataka nikichukua likizo mwezi wa 6 niende Namugongo kule Uganda ila hela inagoma. Rafiki yangu anasema twende Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya kale ya miambani, mwingine anasema hija ya karibu sio hija. Afu mimi na dada yangu mwaka wa 2 huu hatuongei kisa kiwanja cha marehemu baba, sijui kama na hilo linahusika.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo ulilolitupia mkiani ndo barua yako yote, linahusika tena sana.

Nna jirani yangu huku Chang'ombe, mama wa Kiislamu mtu mzima. Alipojaliwa kwenda Makka, wiki mbili kabla ya safari akawa anapita nyumba kwa nyumba. Kwangu alinikuta jikoni nachambua mlenda, akavuta kigoda akanishika mkono na majani yake humo humo, akasema kama nimewahi kukukwaza nisamehe. Akatoka hapo akaenda duka la kona kulipa elfu nne ya sukari, deni ambalo mwenye duka mwenyewe alishalisahau! Wenzetu ndo wanavyofundishwa, unalipa madeni na unaomba radhi kwanza, ndo uende ukasimame Arafa tarehe 9 ya Dhul-Hijja, wanaume wote na shuka mbili zisizoshonwa, bosi na muuza mchicha huwezi kuwatofautisha. Mi Mkatoliki lakini siku ile nilimwangalia anavyovuka barabara nikasema huyu hija keshaianza.

Namugongo nimefika. Ni pale Karoli Lwanga na wenzake, wale mashahidi wa Uganda, walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, na kuna watu wanatembea kwa miguu siku na siku kuifuata tarehe hiyo. Niliwaona wamekaa chini visigino vimepasuka, mmoja anamfunga mwenzie kitambaa na hata majina hawajuani. Mguu ukiuma hivyo, simu huna hamu nayo, kazi iko mbali, basi yale yote uliyokuwa unayakimbia nyumbani yanakuja yanakaa na wewe njiani, na hapo ndipo mtu anapobadilika. Wewe ungemkuta dada yako huko huko Uganda nakwambia.

Kwaiyo umbali usikusumbue. Bagamoyo kuna misheni ya tangu 1868, Pugu nako watu wanahiji kila mwaka na treni ya SGR inapita hapo hapo. Kolo ni pazuri, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, ila kuna wenyeji mpaka leo wanafanyia matambiko yao pale, kama unaenda nenda na heshima na msikilize anayewatembeza, sio mwendo wa selfi.

Ila kabla ya yote panda daladala uende kwa dada yako. Usianze na kiwanja, kiwanja kina siku yake na wazee wa ukoo wapo. Mwambie tu nimekuja kukuaga naenda hija, kama nimekukosea nisamehe. Akikufungia mlango ushaomba, safari yako iko palepale.

Na viatu usinunue vipya, vaa vile mguu umeshavizoea. Ukitoka kwa dada niandikie basi, nataka kujua alikupokeaje.