Kuchomelea titani ndani ya sanduku la glavu

Umeuliza kama sanduku la glavu, yaani sanduku lililofungwa lenye glavu za mpira za kuingizia mikono, likijazwa argoni (gesi inayokinga chuma cha moto dhidi ya hewa), linatosha kuchomelea titani kwa TIG, yaani kwa arki ya umeme kutoka elektrodi ya tungsteni. Linatosha, ila glavu ndizo zitakazokusumbua. Mpira wa glavu ukigusa chuma cha moto unatoboka, na hewa inaingia kimya kimya. Vaa za ngozi juu yake, lakini zikaushe kwanza, maana ngozi hubeba unyevu. Argoni ni nzito kuliko hewa: iingize chini, hewa itokee juu. Ukianza kuchomelea gesi inatanuka, utaona glavu zinavimba, kwa hiyo weka vali ya kupunguza presha. Jaribu kwenye kipande chakavu: mshono uking'aa kama fedha, endelea, ukiwa wa buluu, oksijeni bado imo. Ukifungua usiingize kichwa: argoni haina harufu, unaweza kukosa hewa bila kujua.