Mwandikie Anayebeba Gharama ya Kazi Yako

Kama kazi yako ni ya kuhangaikia watu, iwe udiwani, ubunge, chama cha wafanyakazi au hata ukatibu wa ushirika wa wakulima, nakushauri jambo moja kabla ya mengine yote: mwandikie mtu wa nyumbani, mara kwa mara, umweleze kazi inavyokwenda. Simu pekee haitoshi. Kaa chini, andika. Na umwandikie hasa yule ambaye jasho lake ndilo linalokuwezesha kuwa huko uliko.

Mimi ni katibu katika chama cha wafanyakazi, na ofisi yetu iko Dodoma. Nyumbani ni Muheza, ambako dada yangu mkubwa ndiye anayeshika duka la familia. Miaka ya mwanzo chama hakikuwa na uwezo wa kunilipa mshahara wa maana, na kodi ya chumba changu ilitoka kwenye droo ya lile duka. Ndiyo maana barua za David Lloyd George, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, kwa familia yake zilinikamata nilipokutana nazo. Nchi yetu ilitoka mikononi mwa Wajerumani ikaingia mikononi mwa Waingereza katika miaka ya uwaziri mkuu wake, kwa hiyo sikumwendea kama shabiki. Lakini namna alivyowaandikia watu wa kwao imenifunza kazi yangu kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Baba yake, mwalimu wa shule, alifariki mwaka 1864, David akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mama akarudi na watoto kwa kaka yake katika kijiji cha Llanystumdwy, kaskazini magharibi mwa Wales. Mjomba huyo, Richard Lloyd, alikuwa fundi viatu na mhubiri, na ndiye aliyehangaika na kijana mpaka akawa wakili. Aprili 1890 David akachaguliwa kuwa mbunge wa Caernarfon kwa tofauti ya kura 18 tu. Sasa sikiliza: wakati ule wabunge wa Uingereza walikuwa hawalipwi. Mshahara ulianza mwaka 1911, pauni 400 kwa mwaka. Miaka 15, mpaka alipopata uwaziri, mtu anakaa bungeni London bila mshahara, ana mke na watoto, nani anaendesha maisha?

Sehemu kubwa ya jibu ni mdogo wake, William. Naye alikuwa wakili, akabaki Criccieth, mji mdogo wa pwani jirani na kijiji walikokulia, akiendesha ofisi yao ya uwakili. Kesi za mashamba, hati za nyumba, madeni ya wateja, yote juu yake, na kilichopatikana kikamsaidia kaka kufanya siasa. Kaka naye akawa anamwandikia mfululizo, Kiingereza kikichanganyika na Kiwelisi, lugha ya Wales: nani kasema nini bungeni, hotuba imepokewaje, mawaziri wanavutana juu ya nini. Akawa waziri mwaka 1905, Waziri wa Fedha mwaka 1908, Waziri Mkuu Desemba 1916, na barua za nyumbani hazikukoma.

Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo. William hakuwa akitumiwa salamu za shukrani. Alikuwa akipewa hesabu ya kile alichokuwa anakigharimia. Wengi wetu tunaotegemewa na watu tunawatolea taarifa wenyeviti na wafadhili, tena kwa mhuri, lakini aliyeuza sukari na mafuta ya taa ili sisi tupate nauli tunamwambia tu, "Kazi inaendelea vizuri, tuombeane." Anastahili zaidi ya hapo. Anastahili kujua kikao kilikwama wapi na kwa nini.

Tena mwandikie jambo likiwa bado bichi. Usisubiri liishe ndipo umpe ushindi uliokwisha kupatikana. Tarehe 3 Agosti 1914, siku moja kabla Uingereza haijaingia vitani, Lloyd George alimwandikia mkewe Margaret kwamba siku hizo anatembea katika ulimwengu wa jinamizi. Amepigania amani kwa nguvu zake, alisema, lakini Ujerumani ikiivamia Ubelgiji, taifa dogo, kila alicholelewa nacho kitamsukuma upande wa vita. Na hofu imemjaa kwa kufikiria kwamba atakuwa na sehemu katika jambo hilo. Ukisoma hotuba zake za baadaye utakutana na mtu asiyetikisika. Barua ndiyo inayoonyesha uzito ulivyokuwa kabla mizani haijalala upande mmoja.

Mimi nilipata faida ya namna hii katika mazungumzo yetu na mwajiri mmoja kuhusu malipo ya saa za ziada. Wanachama walikuwa wamechoka, wengi wanataka mgomo, nami nilikuwa nimegawanyika. Nikaandika usiku kwenye kaunta buku, nikapiga picha kurasa zile, nikamtumia dada kwa simu, maana hivyo ndivyo tunavyofanya: yeye huzisoma kwa sauti mama akisikiliza. Jibu likaja alfajiri kabla hajafungua duka. "Mdogo wangu, umeandika mkutano mzima, hukusema kama homa yako imepungua. Halafu hao wanaotaka mgomo, nyumbani wana unga wa siku ngapi? Mimi ndiye ninayewakopesha watu wa namna hiyo, nawajua. Tarehe kumi na nane mtu hana kitu."

Hakuna mwanasheria wala mchumi aliyekuwa ameniuliza hivyo. Kikao kilichofuata nililiweka swali lake mezani kama lilivyo, na wanachama wenyewe wakaamua kusogeza kila kitu mpaka baada ya mishahara kutoka. Mwajiri akarudi kwenye mazungumzo kabla ya siku ile. Siwezi kukuahidi kwamba kila barua itazaa hivyo. Ninachojua ni kwamba dada asingeweza kuuliza kama ningemwandikia baada ya uamuzi kupita.

Kuna upande mwingine wa barua hizi ambao hautakiwi kufunikwa. Wakati wa uchumba, kijana Lloyd George alimwandikia Margaret wazi kwamba lengo lake kuu maishani ni kupanda juu, na kwamba yuko tayari kulitupa hata penzi chini ya magurudumu likimzuia njia. Margaret akaolewa naye mwaka 1888 akijua hayo. Kisha miaka ikaja ambayo mke hakuipenda London, akawa anakaa zaidi Criccieth na watoto, na mume akawa anamlaumu kwa barua kwamba anarudi usiku kwenye nyumba baridi isiyo na mtu. Na kuanzia takriban mwaka 1913, Frances Stevenson, katibu wake, alikuwa pia mpenzi wake, hali iliyoendelea miaka mingi hadi wakaoana mwaka 1943, baada ya Margaret kufariki. Wakati wote huo barua kwa Margaret ziliendelea kujaa habari za baraza la mawaziri.

Hili linaniuma kila ninaposoma. Unaweza kumwandikia mkeo siri za serikali na bado usimwambie linalomhusu yeye. Kazi ikawa pazia. Kwa hiyo ukiandika, jiulize ni lipi unalolizunguka. Kama kuna jambo kati yenu wawili, lisemeni uso kwa uso, na barua ya kazi ibaki ya kazi. Na lawama za ndoa usizitume kwa maandishi hata siku moja. Neno la hasira ukilitamka linapoa; likiandikwa, kila likisomwa linawaka upya.

Kuhusu siri, sisi tuna shida ambayo William hakuwa nayo. Barua yake ilikaa kwenye mtoto wa meza. Ujumbe wako unaweza kufika kwenye kundi la ukoo kabla hujalala, na kutoka hapo ukafika kwa mwajiri. Kanuni yangu ni hii: naandika ninachokiona na ninachokifikiria mimi, sitaji jina la mwanachama aliyeniamini na shida yake, wala kiwango cha malipo ambacho bado tunajadili. Na tulikubaliana na dada tangu awali kwamba asizisambaze. Hilo lisemwe mapema, kwa heshima, siyo baada ya jambo kuvuja.

Watoto nao wasisahauliwe. Nyumba ambayo siasa inaandikwa na kusomwa huzaa watu wanaoielewa. Katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Cardiganshire, Wales, mwaka 1921, Margaret mwenyewe alizunguka vijijini akimhutubia mpiga kura, na mgombea wa upande wa mumewe akashinda. Mwana wao Gwilym aliingia bungeni mwaka 1922, na binti yao Megan akawa mbunge wa kwanza mwanamke kutoka Wales mwaka 1929. Sisemi barua peke yake ndiyo iliyowafikisha hapo. Jina la baba lilikuwa na nguvu. Lakini hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Mpwa wangu wa kidato cha pili siku hizi anajua muhtasari wa kikao unavyoandikwa, na ananisahihisha.

La mwisho ni kutunza. William aliziweka barua za kaka yake, naye aliishi mpaka mwaka 1967, umri wa miaka 101. Leo karatasi za familia hiyo zinasomwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth. Simu yako haitaishi hivyo. Kila mwisho wa mwaka nenda duka la steshenari, chapisha jumbe zote za mwaka, andika tarehe juu ya kila karatasi, weka kwenye faili gumu. Na uchapishe majibu ya nyumbani pia, yakae katika faili lilelile, kila jibu nyuma ya barua yake.