Mbona muembe hufa ukichunwa gome, na mbuyu haufi?

SWALI: Mhariri, mbuzi wametafuna gome la muembe wangu mchanga kuzunguka shina lote, upana wa shubiri moja. Wiki tatu zimepita na majani bado ni mabichi, lakini fundi wa bustani anasema mti huo umeshakufa. Mbona mibuyu ya huku kwetu huchunwa magome ya kusokotea kamba na haifi?
Msomaji, Muheza

JIBU: Fundi wako hayuko mbali na ukweli. Chini ya ganda kavu la nje, ambalo seli zake zimekufa, kuna gome la ndani lenye majimaji, yaani floemu, linaloshusha sukari kutoka majanini hadi mizizini. Kisha upo utando mwembamba unaoteleza, kambiumu, unaozaa floemu mpya upande wa nje na ubao mpya upande wa ndani. Ubao huo ndio zailemu, unaopandisha maji na madini.

Mbuzi walikula floemu, wakauacha ubao. Maji yangali yanapanda, na ndiyo maana majani hayajanyauka; njaa iko chini ya ardhi, na mizizi ikimaliza akiba yake ya wanga haitavuta maji tena. Ukiona ukingo wa juu wa jeraha umevimba, ujue chakula kimekosa njia na kurundikana hapo. Uvimbe huo aliuona tabibu Mwitalia Marcello Malpighi tangu karne ya 17, alipochuna miti kwa makusudi.

Mbuyu ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya ubao wake ni seli hai zinazohifadhi maji, nazo zinaweza kugawanyika na kuotesha gome jipya juu ya jeraha. Mutuba, mti wa Buganda, nao huchunwa ili kutengeneza nguo, lakini wachunaji huufunga shina kwa majani ya mgomba mara moja, kabla halijakauka.

Kwako muda wa kufunga umepita. Kata vijiti vichanga vya muembe huohuo, uchonge ncha zake, uvipachike ndani ya gome hai, ncha moja juu ya jeraha na nyingine chini yake, kisha uvifunge vizuri ili viwe daraja la floemu. Machipukizi yakitoka chini ya jeraha usiyakate, kwa kuwa majani yake yatailisha mizizi. Ila kama mche wako ulibebeshwa, yaani uliunganishwa juu ya shina la muembe mwingine, na machipukizi hayo yametoka chini ya kiungo, usitarajie embe za aina ile uliyoinunua.