Okidi ina majani mazuri lakini haitoi maua: tatizo si fosforasi

Swali lilikuwa hili: Phalaenopsis, aina ya okidi inayofugwa sana ndani ya nyumba, ina majani marefu, laini, ya kijani iliyokolea, inapewa mbolea ya 20-20-20 kila wiki, lakini mwaka umepita bila shina la maua. Muuzaji amependekeza 10-30-20, "mbolea ya maua". Je, inunuliwe?

Mkuu, acha kwanza. Fosforasi haijapungua hapo. Majani ya kijani iliyokolea yanayolegea ni dalili ya naitrojeni nyingi kwenye mwanga hafifu. Jani la okidi yenye afya lina kijani cha kati, na likishikwa ni gumu.

Tupige hesabu. Namba tatu za kwenye mfuko ni asilimia ya naitrojeni, ya fosforasi ikihesabiwa kama oksidi yake (P2O5), na ya potasiamu ikihesabiwa vivyo hivyo (K2O). Fosforasi halisi ni namba ya kati mara 0.44, potasiamu halisi ni namba ya tatu mara 0.83. Gramu 1 ya 10-30-20 kwenye lita 1 ya maji inatoa miligramu 100 za naitrojeni na takriban 130 za fosforasi. Okidi hii inatosheka na miligramu 10 hadi 25 za fosforasi kwa lita. Zinazobaki zinamwagika na maji au zinajikusanya chunguni, na huko zinazuia mmea kupata chuma na zinki. Hata 20-20-20 kwa nusu gramu kwa lita inatoa miligramu 44, kwa hiyo mmea wako tayari unapata zaidi ya mahitaji yake. Wanaosifu mbolea ya maua mara nyingi walihama kutoka mbolea ya naitrojeni kali, na naitrojeni ilipopungua ndipo mmea ulipojibu. Sifa zikaenda kwa fosforasi.

Phalaenopsis inaamshwa na joto kushuka. Inahitaji wiki 4 hadi 6 chini ya nyuzi 26 za Selsiasi, mchana na usiku, pamoja na mwanga wa kutosha usio jua kali la moja kwa moja. Ikikaa juu ya nyuzi 28 muda wote itaendelea kutoa majani tu, hata uipe mbolea gani. Wakulima wakubwa hutumia joto hilo kwa makusudi kuzuia maua mpaka wakati wanaoutaka.

Lakini usiinyime mbolea. Ukikata mbolea kabisa shina linapoanza kutoka, idadi ya maua inapungua. Kwa okidi za aina ya Cattleya na Oncidium ndiyo zaidi: maua yanatoka kwenye shina nene la msimu huu, na likikosa naitrojeni linapokua litabaki dogo na kutoa maua machache. Kinyume chake ni okidi iitwayo Dendrobium nobile. Hiyo, mashina yakishakomaa, lazima ukate naitrojeni, upunguze maji, na uiweke penye usiku wa nyuzi 10 hadi 15. Ukiendelea kuilisha, vifundo vilivyotakiwa kutoa maua vinatoa keiki, yaani vichipukizi vyenye mizizi yao. Ndiyo maana sipendi ratiba moja kwa okidi zote.

Kinachosahaulika zaidi ni kalsiamu na magnesiamu. 20-20-20 nyingi hazina kalsiamu kabisa, na ukitumia maji ya mvua au yaliyoondolewa madini hakuna pengine itakapotoka. Kalsiamu haihami kutoka jani la zamani kwenda jipya, kwa hiyo upungufu unaonekana kwenye chipukizi: ncha inakuwa nyeusi kabla jani halijafunguka. Magnesiamu inahama, hivyo majani ya chini ndiyo yanayogeuka njano katikati ya mishipa. Wiki moja upe mmea 20-20-20 nusu gramu kwa lita, wiki inayofuata naitreti ya kalsiamu nusu gramu kwa lita. Mara moja kwa mwezi weka salfeti ya magnesiamu nusu gramu kwa lita, peke yake. Usichanganye naitreti ya kalsiamu na salfeti, wala na mbolea yenye fosfeti, katika mchanganyiko mzito wa akiba: vinagandana na kutuama chini, na mmea haupati kitu. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi tayari yana kalsiamu. Hapo ruka hiyo naitreti.

Upande wa chumvi za mbolea zinazobaki chunguni ndiko mizizi mingi inakofia. Ukiona ncha za mizizi zimekuwa kahawia au nyeusi, ncha za majani zimeungua, na ukoko mweupe ukingoni mwa chungu, chumvi imezidi. Mwagia maji kwanza, kisha mbolea. Mzizi mkavu ukikutana na mbolea kali unaungua. Kila mwezi mimina maji matupu mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, subiri kidogo, rudia. Mwenye kipima EC (kifaa kinachoonyesha wingi wa chumvi kwenye maji) ahakikishe maji yenye mbolea hayazidi 1.0 mS/cm, na apime yanayotoka chini: yakiwa juu sana kuliko yaliyoingia, suuza. Kama umepandia kwenye sfagnamu (aina ya kuvumwani), inashika chumvi kuliko magome ya miti, kwa hiyo punguza kipimo nusu. Magome yanayooza yanakula naitrojeni yenyewe, ila dawa yake ni kubadilisha magome. Makumbi ya nazi yaloweke na kuyasuuza kabla ya kupandia, maana huja na sodiamu.

Kwa mmea wako: suuza chungu leo, pumzisha mbolea wiki mbili, usogeze kwenye mwanga zaidi taratibu ili majani yasiungue, halafu anza mpango wa hapo juu kwa nusu ya kipimo. Msimu wa baridi kiasi ukifika, chunguza kwapa za majani, yaani pale jani linapoungana na shina. Ncha ya shina la maua ni bapa na imechongoka kidogo, ya mzizi ni ya mviringo na inang'aa. Likitoka, usizungushe chungu, maana shina linafuata mwanga na litapinda. Ua la kwanza hufunguka baada ya miezi miwili na nusu hadi minne.